Jina Lililoitwa Kando ya Mto

Watu wakisimulia mambo ya aina hii huwa wanasema yalimpata jirani, au binamu wa rafiki yao, ili ukicheka umcheke mtu ambaye hayupo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Rita, hapa Erdington. Ukitaka kucheka, cheka. Sitaumia, na hiyo ndiyo shida ninayotaka kuieleza.

Ilianza Jumamosi ya kawaida kabisa. Nilikuwa jikoni nasukuma chapati, mwanangu Nyambura, mtoto wa miaka saba, yuko sebuleni anabishana na katuni, na mdogo wangu Milka ameketi juu ya meza utadhani viti vimekwisha Uingereza. Baba yake Nyambura yuko Leeds na familia yake nyingine, Mungu amweke huko huko. Milka kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Wakati huo alikuwa na mzee mmoja tu, Kewal, Mpunjabi mjane wa Longbridge, aliyekuwa akipachika milango ya magari kwenye kiwanda cha huko mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa. Mimi nilidhani ni Kalasinga kama wale wa kwetu Nyahururu waliokuwa na duka la vipuri. Kumbe ni Mbudha, yeye na ukoo wake wote.

"Mzee ame-book safari," Milka akasema. "Laos. Ni boti, mnalala njiani, mnapanda mto unaitwa Mekong. Mahekalu, mapango, vijiji. Bibi yake alitamani hiyo trip maisha yake yote, akakufa kabla. Sasa anataka mtu wa kumshika mkono kwa ngazi."

"Na huyo mtu ni wewe."

"Ulitaka aende na nani? Wewe na mdomo wako?"

Nilicheka mpaka unga ukaniingia puani. Nilikuwa na kicheko kikubwa siku hizo, cha kuaibisha, kile ambacho marehemu mama alisema kingetosha kufukuza ndege shambani. Watu walikuwa wakigeuka kituoni nikicheka. Nyambura alikuja jikoni kuona kuna nini, akaanza kucheka naye bila kujua anacheka nini, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa sisi wawili. Nilimpenda mtoto huyu kijinga. Nilikuwa nikimnusa shingo akitoka kuoga.

Mimi na Milka tunasali na kikundi cha maombi kinachokutana Newtown, kwenye nyumba ya Mzee Solomon, ghorofani. Solomon ni mtu mzuri, aliwapokea wengi wetu tulipofika hapa hatujui hata basi linasimamishwa vipi. Alipomwombea Milka safari njema alimpa onyo. "Unaenda kupita kwa madhabahu za watu, dada. Kula chakula chao, piga picha, salimia kila mtu. Lakini jina lako usiwape. Jina ni mlango." Milka akaitika amina. Kwetu hakuna asiyelijua hilo. Hata bibi yetu, ambaye hakuwahi kuingia kanisani, alikataza kuitikia ukiitwa na usiyemwona.

Basi wakaenda. Waliondokea Luang Prabang, mji wenye hekalu kila kona, wakapanda mto kwa boti ndefu ya mbao. Mwenye boti na mkewe waliishi upande wa nyuma pamoja na sufuria zao na kuku wao. Milka alinitumia picha kila jioni ya kule, ambayo kwangu ilikuwa asubuhi. Mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wakianika majani ya mtoni juu ya mikeka na kuyanyunyizia ufuta. Wali wa kunata unaoliwa kwa mkono kutoka kwenye kikapu kidogo. Milka akaandika kwamba huo si wali, ni ugali uliosahau kusagwa. Watawa vijana wenye majoho ya rangi ya chungwa wakipita kwa mstari alfajiri, watu wakiwatilia chakula kwenye mabakuli. Mzee Kewal aliomba apige magoti awape na yeye. Kupiga magoti kulikuwa rahisi. Kumwinua kulimhitaji Milka, mwenye boti na mkewe.

Siku moja walipanda ngazi za pango la Pak Ou, juu ya mto, lililojaa sanamu za Buddha, maelfu, nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine hazina mikono. Kule sanamu ikizeeka haitupwi, inapelekwa pangoni ikae na wenzake. Kewal alikaa chini katikati ya sanamu hizo akalia, akilitaja jina la mkewe, Balwinder. Milka akanitumia sauti ya kunong'ona. "Rita, hii place inanifanya nataka kulia, na sijui nalia nini." Nikamjibu alie tu, mradi asimwangushe mzee wa watu. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka kumwonea mtu huruma.

Kesho yake boti ilitia nanga chini ya kijiji. Yaliyotokea huko niliyajua baadaye. Mimi kesho yake hiyo nilikuwa kazini.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kufua mashuka ya hoteli. Mashine yangu ni ya kupiga pasi, rola kubwa la moto. Mnalisha shuka watu wawili, mmoja kila pembe, linatokea upande wa pili limenyooka. Mwenzangu ni Mwanakhamis, mwanamke wa Unguja, mpole kuliko kazi yenyewe. Tulikuwa tunamteta msimamizi. Nilikuwa katikati ya sentensi, na ilikuwa sentensi nzuri.

Nikasikia naitwa.

Sauti ilitoka nyuma yangu, si kubwa. Iliita jinsi mtu anavyowaita kuku warudi bandani, kwa upole, kwa kurudia. Rita, Rita, Rita. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na matoroli ya mashuka machafu na ukuta. Sikuitika, nataka hilo lijulikane. Sikuitika, lakini nadhani kugeuka kulitosha.

"Shoga," Mwanakhamis akasema taratibu sana. "Hebu utowe mkono huo."

Nikatazama. Kiganja changu kilikuwa kimelala juu ya rola. Kulikuwa na harufu, na nilikuwa nimeisikia kitambo, nikadhani ni chakula cha mtu. Nikautoa mkono. Kipande cha ngozi kilibaki pale, kikaingia na shuka.

Hospitalini daktari alinichoma choma kwa kijisindano kidole kimoja kimoja. Nilihisi kuguswa. Kuumia sikuhisi. Akasema mishipa ni mizima, labda ni mshtuko, utapita. Nikamshukuru. Nikapanda basi kurudi nyumbani mkono umefungwa, na njia nzima nikawa nasubiri kuogopa. Sikuogopa.

Jioni Nyambura alinionyesha jino lililong'oka shuleni. Alikuwa amelizungushia karatasi ya msalani na kulibeba mfukoni kutwa nzima. Nilijua mtu anatakiwa kufanya nini: apige kelele kidogo, amkumbatie, aulize kama damu ilitoka. Nikasema, "Vizuri." Nikarudi kukata vitunguu. Akasimama pale na jino lake.

"Who are you being?" akaniuliza.

Nikamwambia akanawe mikono.

Siku zikaenda hivyo. Nilimpikia, nilimsuka, nilimpeleka shule. Kila kitu kilifanyika, nacho kilifanyika kwa wakati. Akilia nilimfuta. Lakini nilipomtazama usoni niliona mtoto. Mtoto tu, wa mtu fulani, niliyepewa nimwangalie. Nilijaribu kumnusa shingo na nikapata harufu ya sabuni. Akaanza kufunga mlango wa bafu kwa ndani, jambo ambalo hajawahi kufanya. Usiniulize kama nilihuzunika. Nilijua ni jambo la kuhuzunisha, jinsi unavyojua kwamba Nakuru ni mbali.

Milka na mzee wake wakarudi. Tulienda kuwapokea uwanja wa ndege. Mzee Kewal alitoka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, Milka akimsukuma, na kwenye mikono ya Milka, juu kidogo ya viganja, kulikuwa na nyuzi nyeupe za pamba zilizofungwa mafundo. Nyambura aliachia mkono wangu. Akakimbia kupita watu na mizigo, akamrukia Milka, akaficha uso shingoni mwake.

"Mummy," akasema.

Nilidhani Milka atacheka, amrekebishe. Alicheka kweli. Kicheko kilichomtoka kilikuwa kikubwa, cha kuaibisha, cha kufukuza ndege shambani. Watu wakageuka. Milka akaziba mdomo kwa mkono, akanitazama juu ya kichwa cha mtoto, na macho yake yalikuwa yameogopa.

Baada ya hapo ikawa kila siku. Treni ya kutoka Longbridge inafika Erdington bila kubadilisha, na Milka akawa anajikuta ndani yake. Ndivyo alivyosema mwenyewe, anajikuta. Anamwacha mzee na chai yake, anasema anatoka kununua maziwa, kisha anazinduka yuko langoni mwa shule ya Nyambura, amebeba sweta. Nilipokuwa nakuja kumchukua mtoto niliwakuta wanatembea mbele yangu, wameshikana mikono, wanapiga soga. Mimi nikawafuata nyuma. Nikabeba begi.

Jioni moja akakaa jikoni kwangu akalia mpaka pua ikavimba. Nyambura alikuwa ametoka kwenda kwa jirani kucheza.

"Rita, nampenda huyu mtoto mpaka natapika. Juzi alikohoa nikaskia kifua yangu inapasuka." Akashusha sauti. "Si mapenzi ya auntie. Mimi sijazaa. Hii kitu naijulia wapi?"

"Sijui."

"Usiku wenye alizaliwa ulimwambia kitu kwa sikio. Ulimwambia, nitakula baada yako, siku zote. Hukuwahi kuniambia hiyo maneno. Nimeijua aje?"

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Nikaendelea kuosha vyombo.

Ndipo akaniambia ya kijijini. Watu wa kule wanaamini mtu ana roho nyingi, kila kiungo na yake, na kwamba ukisafiri nyingine hutangatanga, zikabaki mahali ulipopapenda au ulipoogopa. Mgeni akifika wanamkalisha mbele ya sinia lenye majani ya ndizi na maua, mzee wa kijiji anaziita roho zake zirudi mwilini, kisha wanamfunga uzi mkononi ili zikae. Ni ukarimu. Ni jinsi wanavyokaribisha wageni, na abiria wote walifungwa. Mzee wa kijiji aliuliza kila mtu jina lake, apate kuita. Kewal akasema Kewal.

"Ikafika kwangu," Milka akasema. "Nikakumbuka Mzee Solomon. Jina ni mlango. Na wamekaa hapo wazee wa watu wananingojea, wamepika, siwezi kuwakatalia. Nikawapa jina ingine."

"Gani?"

"Yako. Ndiyo ilinijia kwa mdomo. Sikufikiria."

Nikamuuliza aliwapa saa ngapi. Ilikuwa alasiri ya kule, asubuhi ya huku. Nikaikung'uta sahani nikaiweka juu ya nyingine. Ningekuwa mtu kamili, ningempiga na ile sahani. Nilijua hilo. Nilisimama nikaisubiri hasira, jinsi unavyosubiri chafya, nayo haikuja.

Mzee Kewal hakucheka alipoambiwa, wala hakushangaa sana. Alimpigia simu Somphone, mwanamume wa makamo aliyekuwa mwongozaji wao kwenye boti, na Somphone akawauliza wazee wa kile kijiji. Jibu lilirudi kesho yake, nasi tukalisikiliza sote jikoni kwa Kewal, simu ikiwa katikati ya meza. Roho zilizoitwa zimefungwa kwa mtu ambaye si mwenyewe, lakini hazijapotea. Uzi ufunguliwe kwa mkono, fundo kwa fundo, na mwenye jina mwenyewe. Kisha afungiwe yeye, na mtu anayempenda amwite. Usikatwe. Chuma kisiuguse. Ukikatwa, roho zitarudi zilikoitiwa, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee zinayoijua.

"Ni rahisi," Kewal akasema kwa Kiingereza chake cha kiwandani. "Fungua, funga, ita. Msiharakishe."

Tulipanga Jumapili, kwangu, mchana kweupe baada ya ibada. Kosa la Milka ni kwamba hajui kudanganya. Solomon alimwona ana nyuzi mkononi, akamuuliza, naye akamwambia yote.

Tulikaa mezani, Milka ameweka mikono juu ya taulo. Nyambura alikuwa sebuleni anachora. Mafundo yalikuwa yamekaza kwa maji na sabuni ya wiki nzima. Nikaanza na fundo la kwanza kwa kucha.

Kiganja changu kikauma.

Kiliuma pale pale kilipoungua. Moto ule ule wa siku ile, wote, kana kwamba ulikuwa umewekwa akiba. Machozi yakanitoka. Sijawahi kufurahia kitu maishani kama maumivu yale. Fundo likalegea, na chini ya maumivu nikaanza kusikia vingine vinakuja: aibu, njaa, hamu ya kumtukana Milka. Nikavuta pumzi nikasikia, kutoka sebuleni, harufu ya nywele za mwanangu.

Nyambura akainua kichwa kutoka kwenye mchoro. Akanitazama mimi. Si Milka. Mimi.

"Mum?" akasema.

"Nakuja, mami," nikamwambia. Sauti ilikuwa yangu.

Mlango ukagongwa.

Solomon alikuja na akina mama wawili wa kikundi. Hawakuja kwa ubaya. Walisimama mlangoni mwa jikoni, wakaona mimi nalia na Milka ameweka mikono juu ya taulo na uzi umening'inia, nao wakaona walichokuja kukiona. Wakaanza kuomba. Solomon akasema kwa sauti ya chini, akimwelekea Milka peke yake, "Dada, agano halifunguliwi. Agano linakatwa. Kata."

"Ngojeni," nikasema. "Bado mawili."

"Kata, kwa jina la Yesu."

Nikashika fundo la pili. Lilikuwa gumu. Milka aliinama karibu na sikio langu. "Rita, harakisha," akaninong'oneza. "Nalegeza tu kidogo," nikamwambia, "tulia." Maombi yakapanda. Fundo likateleza. Nikalishika tena. Milka ana mkasi mdogo, wa kukatia bandeji, anautembeza mfukoni siku zote kwa ajili ya kazi. Sikuuona ukitoka.

Niliusikia. Mlio mdogo tu.

Kiganja kikaacha kuuma.

Uzi ulianguka juu ya taulo. Milka akakata na ule mwingine haraka, mkono wa pili, macho yamefumbwa. Akina mama wakasema amina. Nikatazama machozi yangu juu ya meza na sikuweza kukumbuka yalikuwa ya nini.

Nyambura alikuja mpaka mlangoni. Akanitazama, kisha akamtazama Milka, polepole, mmoja baada ya mwingine. Akatazama na nyuma ya friji.

"Where did she go?" akauliza.

Solomon akamwekea mkono kichwani akambariki.

Ningemkasirikia Milka kama ningekuwa na hasira yoyote. Yeye alirudi kuwa Milka. Kicheko chake ni kile kidogo cha zamani, hapandi tena treni bila kujua, na akimwangalia Nyambura anamwona mtoto wa dada yake, basi. Analia sana akija hapa. Ananiomba msamaha nami nimempa mara zote, kwa kuwa haunigharimu kitu. Solomon naye ameacha kupita kwetu. Mwanakhamis ndiye anayekuja. Ananiletea mkate wa kumimina, anakaa, hanisemeshi sana. Siku moja alinishika kile kiganja chenye kovu akakitazama. "Mwenzangu," akasema, "wewe umetoka, hujarudi." Nikamwambia ni kweli.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Ningeweza kuishi hivyo. Wapo wengi wanaoishi hivyo, na wengine wana vyeo.

Kisha Somphone akampigia Kewal. Alikuwa amepita na boti kwenye kile kijiji, na wenyeji walikuwa na swali. Tangu Jumapili fulani, wakasema, kuna mwanamke anayekuja kila alasiri kwenye ngazi za mtoni, pale boti zinapotia nanga. Hawamwoni vizuri. Wanamwona kwa pembeni ya jicho, wakigeuka hayupo, lakini sauti yake wanaisikia wote, hata mbwa wanaisikia. Hawamwogopi. Wamekuwa wakimwachia kikapu cha wali na samaki. Chakula hakiguswi mpaka watoto wa kijiji wamekula. Wakishamaliza, kilichobaki hakionekani tena. Anawauliza watoto jambo moja, kila mmoja wao, kwa lugha wasiyoijua. Walitaka kujua anauliza nini, wapate kumjibu.

Somphone alikuwa ameirekodi. Kewal akamtumia Milka, Milka akanitumia mimi, akaandika chini yake, "Sijaweza kuiskiza yote."

Mimi niliisikiliza yote, nimesimama kwenye ngazi za nyumbani. Kuna maji. Kuna injini ya boti inayozimwa, na jogoo. Kisha mwanamke anasema, karibu sana na simu, kwa sauti ya mtu aliyesubiri siku nzima.

"Umekula, mami?"

Ilikuwa sauti yangu. Si kama yangu. Yangu, na kila kitu kilikuwa ndani yake. Nikairudia. Nilikuwa naisikiliza kama mtu anavyotazama picha ya nyumba aliyoishi zamani. Ni nzuri, unasema. Unarudisha simu mfukoni.

Sikujua Nyambura alikuwa nyuma yangu. Alinyoosha mkono. Nikampa simu, kwa nini nisimpe. Akakaa kwenye ngazi, akaiweka sikioni, na nikaona uso wake ukifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu asubuhi ile ya rola.

Sasa ni desturi. Akitoka shule anavua viatu, anachukua simu yangu, anakaa pale pale. Mwanzoni alikuwa anasikiliza tu. Siku hizi anajibu. Anamsimulia ya shule, nani alimsukuma, nani alimwalika sherehe. Rekodi ni ile ile moja. Hakuna aliyetuma nyingine, nimetazama, na Kewal anasema Somphone hajapita kile kijiji tena, maji yamepungua.

Jana nilichelewa kazini. Tulifika nyumbani sijapika. Nilikuwa natundika koti nikamsikia akiibonyeza. Maji, injini, jogoo. Umekula, mami?

"Not yet," Nyambura akasema.

Rekodi huwa inaishia hapo. Jana haikuisha. Maji yaliendelea kidogo. Halafu ile sauti yangu ikashuka, ikawa ya chini, ya tahadhari, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeachwa kwenye nyumba ya watu asiowajua.

"Mwambie huyo mtu aliye hapo akupikie."

Nyambura akainua macho akanitazama. Nikaenda jikoni, nikabandika sufuria.